Vitabu vya Padre Anthony de Mello: Mkatoliki avisome au aviache?

#1 Mwana wa Sakristia
Tumsifu Yesu Kristo wakuu.
Vijana wa parokia yetu tuna utaratibu wa kusoma kitabu kimoja cha kiroho kila Kwaresima. Mwaka huu mwenyekiti katupia kwenye grupu la WhatsApp PDF ya "Awareness" ya Padre Anthony de Mello, yule Mjesuiti wa India. Nusu ya watu wamekipenda mno, wanasema kimewafumbua macho. Katekista alipokiona akaagiza tukifute wote, eti kimefungiwa na Vatikani na anayekisoma anaiweka roho yake rehani. Paroko yuko likizo.
Nimepekua mitandaoni. Wengine wanamwita nabii wa zama hizi, wengine wanasema ni Mbudha aliyevaa kola. Naomba wenye uelewa mnisaidie: nani hasa mwenye mamlaka ya kusema mwandishi wa kiroho wa siku hizi yuko ndani ya mafundisho ya Kanisa au katoka nje? Na mlei wa kawaida anajuaje kabla hajafika ukurasa wa mwisho?

#2 Kinondoni Junior
Weka hiyo PDF kwanza mkuu, tujadili tukiwa na kidhibiti mkononi 😂

#3 Mzee wa Novena
Katekista wenu apewe soda. Papa Benedikto alivifungia vitabu vyote vya huyo Mhindi, viko kwenye ile orodha ya vitabu marufuku ya Vatikani. Ukijua hilo na bado ukasoma, nenda kaungame. Mambo ya kukaa unahesabu pumzi si yetu. Sisi tuna Rozari.

#4 Frateri Mstaafu
Shikamoo Mzee wa Novena. Hapo umechanganya vitu.
Orodha ya vitabu marufuku ilipoteza nguvu ya sheria mwaka 1966, wakati wa Paulo VI. "Sadhana", kitabu kilichomtoa de Mello, kilichapishwa 1978. Hakuwahi kuwemo kwenye orodha hiyo na asingeweza kuwemo.
Waraka unaomhusu ulitoka 24 Juni 1998. Aliyetia saini ni Kardinali Ratzinger (ndiye baadaye Papa Benedikto), aliyekuwa mkuu wa Baraza la Mafundisho ya Imani. Papa wakati huo ni Yohane Paulo II. De Mello mwenyewe alishafariki 1987 akiwa New York, hakupata nafasi ya kujieleza.
Na waraka hausemi msomaji katenda dhambi. Unasema misimamo fulani iliyomo haipatani na imani Katoliki na inaweza kuleta madhara makubwa. Unaitaja: Yesu kufanywa mwalimu mmoja kati ya wengi, Mungu kuwa nguvu isiyo na nafsi, wema na ubaya kuwa tathmini za akili tu, na mwisho wa mwanadamu kuwa kuyeyuka ndani ya Mungu kama chumvi kwenye maji. Lakini waraka huohuo unasema maandishi yake ya mwanzo, pamoja na harufu ya Ubudha na Utao, yalibaki ndani ya mipaka ya maisha ya kiroho ya Kikristo. Watu hukisoma kile kipande cha madhara makubwa wakafunga.

#5 Mzee wa Novena
Marahaba mwanangu. Tarehe nimezisikia, hoja yangu iko palepale. Ukikuta bango la fuvu kwenye transfoma, unauliza kwanza kama ni sheria au ushauri?

#6 Kinondoni Junior
Mzee kaua. Tufunge uzi.

#7 Mngoni Mtulivu
Usifungwe. Mimi ninacho hapa mezani "The Song of the Bird", kimetoka kwa wachapishaji wa Kijesuiti wa Anand, kule Gujarat. Nakala nyingi zilizotoka baada ya ule waraka zina tahadhari mwanzoni. Kwa maneno yangu: vitabu hivi viliandikwa katika mazingira ya dini nyingi, kuwasaidia wafuasi wa dini nyingine, wanaomtilia shaka Mungu na wasiomwamini kabisa, wala mwandishi hakukusudia viwe vya kuwafundishia Wakatoliki imani yao.
Sasa mleta mada, turudi kwenye swali lako. Ninyi ni nani? Ni vijana wa Kikatoliki mliokusanyika Kwaresima kujengwa kiimani. Yaani ni wale hasa ambao wachapishaji wake wanasema hakuwaandikia kwa kazi hiyo. Mimi nakisoma, nakipenda, hadithi zake fupi nazitumia hata kazini. Lakini Kwaresima na vijana? Hapana.

#8 Sista wa Zamani
Nichangie kwa yaliyonikuta. Nilikuwa mtawa kwa miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani. Kwenye mafungo mmoja wa walezi alitupa mazoezi ya "Sadhana": unakaa, unasikiliza sauti za karibu, halafu za mbali, halafu unaiangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Nilikuwa nimekauka kabisa katika sala, na ilinisaidia. Nilianza tena kukaa mbele ya Ekaristi bila kuangalia saa.
Baadaye nikahamia vile vitabu vyake vya mwishoni. Nikaendelea kukaa kimya vilevile, utulivu ukawa mwingi kweli, hasira zikapungua. Siku moja kiongozi wangu wa kiroho akaniuliza, "Ukimaliza kutulia, unamwambia nini Yesu?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimemwambia kitu kwa muda mrefu na sikuwa nimegundua.
Hakuna sentensi hata moja niliyoisoma ikaniambia nimwache Yesu. Alitoka tu taratibu. Ndiyo maana simlaumu anayesema kitabu hakina shida, maana ukitafuta mstari wenye uzushi unaweza usiuone.

#9 Baba Kelvin
Dada #8 ushuhuda wako nauheshimu, ila wangu umekwenda kinyume. Nilikaa nje ya Kanisa tangu nikiwa kidato cha sita mpaka nimeoa. Siyo kwamba nilihamia dhehebu, nilichoka tu. Mahubiri yote niliyosikia yalikuwa ya michango. Mfanyakazi mwenzangu, Mhindu, akaniazima de Mello. Nikashangaa kumbe ni padre. Nikajisemea, kama Kanisa lina mtu anayeongea hivi, labda sikulijua. Miezi baadaye nikaenda kuungama, ndoa ikabarikiwa, watoto wakabatizwa.
Mnaosema madhara makubwa, mimi mniweke fungu gani?

#10 Mzee wa Novena
Mungu aliweza kumtumia hata punda wa Balaamu. Hatukumfanya punda kuwa mwalimu wa mafundisho.

#11 Mlutheri Poa
Napita tu 😂 Ninyi wenzetu kumbe hata kusoma kitabu mpaka waraka utoke Roma? Sisi mtu ananunua anachotaka.

#12 Kinondoni Junior
#11 ndiyo maana kila baada ya Pasaka huko mnapata nabii mpya mwenye mafuta ya upako.

#13 Mlutheri Poa
Hao siyo Walutheri mkuu, usituunganishe. Sisi tuna maaskofu na vikao kuliko ninyi.

#14 Njeri wa Limuru
Hamjambo. Huku kwetu Kenya mimi nina njia rahisi: nafungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Nikiona Nihil obstat (neno la mkaguzi kwamba hakuna kizuizi) na Imprimatur (kibali cha askofu cha kuchapisha) nanunua. Nisipoona narudisha kwenye rafu. Kwa nini tujisumbue na mengine?

#15 Mpenda Kanuni
Njeri, njia yako ni nzuri lakini itakuangusha pande zote mbili.
Kwa Sheria za Kanisa za 1983, kibali cha askofu ni lazima kwa vitabu vya aina fulani. Katekisimu, vitabu vya kufundishia dini mashuleni, vitabu vya sala. Kwa vitabu vingine vya Maandiko, teolojia na maadili, kanuni ya 827 inapendekeza tu vipelekwe kwa askofu, hailazimishi. Kwa hiyo kitabu kizuri kabisa cha tafakari kinaweza kukosa Imprimatur kwa sababu mchapishaji hakuiomba. Na kinachokuwa nayo, maana yake mkaguzi hakukuta humo kosa dhidi ya imani au maadili. Haimaanishi askofu anakubaliana na kila wazo, wala kwamba kitakufaa wewe.
Kuna kifungu katika kanuni hiyohiyo ambacho maparokia mengi hayakijui: vitabu na maandishi kuhusu dini au maadili visiwekwe, visiuzwe wala visigawiwe ndani ya makanisa bila kuwa vimepata kibali cha mamlaka ya Kanisa. Hapo ndipo mleta mada ujiulize. PDF ya grupu la vijana haijauzwa kanisani. Ila kama mkutano ni ukumbi wa parokia na kitabu kinatolewa kwa jina la parokia, katekista ana pa kusimamia.
Mwenye mamlaka kwa kawaida ni askofu wako. Kanuni ya 823 inawapa wachungaji wajibu na haki ya kuangalia maandishi yasidhuru imani. Roma huingia jambo likivuka mipaka.

#16 Mwana wa Sakristia
Asanteni sana. #15 kama askofu hajasema kitu kuhusu mwandishi fulani, basi tunafanya nini? Maana wengi tunaowasoma hawajawahi kutajwa popote.

#17 Mpenda Kanuni
Hapo unabaki na Kanuni ya Imani unayoisali kila Dominika, Katekisimu, na akili uliyopewa. Ukisoma sura tatu, jiulize: huyu Yesu anayetajwa humu ndiye aliyekufa akafufuka, au ni mfano tu wa mtu aliyeamka? Nimesoma waandishi wanaotaja jina la Kristo kila ukurasa na msalaba haumo kabisa.

#18 Mama Jumuiya
Ninyi wasomi mnanichanganya. Sista Faustina naye si alifungiwa na Vatikani? Leo ni mtakatifu, na saa tisa alasiri tunasali Huruma ya Mungu nchi nzima, mahujaji wanakwenda mpaka kituo cha hija cha Kiabakari. Mbona mnamhukumu huyu padre haraka?

#19 Frateri Mstaafu
Mama Jumuiya ni kweli. Machi 1959 Roma ilikataza kusambaza picha na maandishi ya ibada ya Huruma ya Mungu kama Faustina alivyoyaleta. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba nakala na tafsiri zilizofika Roma zilikuwa mbovu. Askofu Mkuu wa Krakow, Karol Wojtyła, akafungua uchunguzi wa maisha yake mwaka 1965. Katazo likaondolewa 15 Aprili 1978, na Oktoba mwaka huohuo Wojtyła akachaguliwa Papa, ndiye Yohane Paulo II. Akamtangaza mtakatifu 30 Aprili 2000.
Na hata Teresa wa Avila. Mwaka 1559 wakaguzi wa imani wa Hispania (Inkwizisheni) walitoa orodha ya vitabu vya kuondolewa, na mwenyewe anasimulia alivyosikitika kunyang'anywa vitabu alivyovipenda. Baadaye kitabu cha maisha yake kikashikiliwa na wakaguzi haohao. 1970 Paulo VI akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

#20 Kijana wa Ukonga
Kila akitajwa mwandishi mwenye utata, lazima mtu alete Faustina. Mbona hamleti wale ambao Roma iliwakataza na ikaendelea kuwakataza?
Maria Valtorta wa Italia aliandika maelfu ya kurasa za maisha ya Yesu kama alivyoyaona kwenye njozi. Vikawekwa kwenye orodha Desemba 1959, mwaka uleule wa katazo la Faustina. Orodha ikafa, wapenzi wake wakasema sasa ruksa. Ratzinger akaandika 1985 kwamba kufutwa kwa orodha hakukuyafanya maandishi yale yafae kusambazwa. Na mwaka 2025 Vatikani ikarudia tena kwamba yasichukuliwe kuwa yametoka mbinguni. Vassula Ryden naye, anayedai kupokea ujumbe wa Yesu: tahadhari 1995, na mwaka 2007 ikathibitishwa bado iko palepale, licha ya mazungumzo na maelezo aliyotoa katikati.
Kwa hiyo kufungiwa si dalili ya utakatifu uliochelewa. Wengi waliofungiwa wamebaki wamefungiwa, ila hatuwasikii kwa sababu hawana siku kwenye kalenda.

#21 Baba Kelvin
#20 sawa, lakini hao wanadai wameongea na Yesu uso kwa uso. De Mello hakudai njozi yoyote, alikuwa anasimulia hadithi. Unapimaje hadithi kwa mizani ya mafundisho tanzu? Na kumbukeni "Awareness" hakuiandika. Ni mazungumzo yake yaliyonakiliwa na kuhaririwa, yakatoka 1990, miaka mitatu baada ya kifo. Roma yenyewe ilikiri kwamba si maandishi yote yanayobeba jina lake aliyaidhinisha yachapishwe. Mtu anaongea ukumbini, anatania, anachokoza watu wafikiri, halafu unaichukua sentensi unaipeleka mahakamani.

#22 Mngoni Mtulivu
Hapo umegusa penyewe, ila inakata pande mbili. Ukumbini walikuwepo watu wa kunyoosha mkono na kuuliza, "Padre, unamaanisha Yesu si Mungu?" Msomaji wa PDF Tandika saa nne usiku hana wa kumuuliza. Waraka ulikuwa unamwangalia huyo.

#23 Umutoni
Salaam kutoka Rwanda. #21 amegusa tofauti muhimu. Anayesema "nimeambiwa na Bikira Maria" hapimwi kama anayetoa mawazo yake. Matokeo ya Bikira Maria ya Kibeho, huku kwetu, yalianza 28 Novemba 1981. Askofu Augustin Misago alitoa tamko la kuitambua 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye. Na katika wote waliodai kuona, waliotambuliwa ni watatu tu. Maneno ya wale wengine bado unayakuta kwenye vijitabu yakiwa yamechanganywa na ya hawa watatu. Mtu anasoma anadhani yote ni Kibeho iliyotambuliwa.
Tangu Mei 2024 kuna taratibu mpya za Vatikani za kupima mambo haya. Hukumu ya kawaida ya juu sasa ni Nihil obstat: watu wasali tu, bila Kanisa kutangaza kwamba jambo limetoka mbinguni.

#24 Mzee wa Novena
Huyu binti ameongea vizuri.

#25 Kinondoni Junior
Mzee amemsifu mtu, tupige kengele.

#26 Mtawa wa Mtaani
Nirudishe mjadala kwenye pumzi, maana #3 alisema si yetu. Mwaka 1989 Ratzinger huyohuyo alitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo. Humo haikatazwi moja kwa moja kutumia mbinu za Mashariki. Inasema tusizikatae kwa sababu tu si za Kikristo, tuchukue kinachofaa, mradi sala ibaki mazungumzo kati ya mtu na Mungu. Ila inaonya kwamba utulivu na raha ya mwili visichukuliwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Nadhani ndicho kilichompata dada #8. Mbinu ilikuwa sawa, akalipa tokeo lake jina ambalo si lake.

#27 Sista wa Zamani
#26 inaweza kuwa hivyo. Ila usisahau nilikuwa nimechoka na maisha ya utawa pia. Siwezi kukitwisha kitabu kila kitu.

#28 Njeri wa Limuru
Na Thomas Merton, yule mmonaki mwandishi wa Marekani, je? Yeye pia alienda Mashariki na tunamsoma bila kelele.

#29 Frateri Mstaafu
Kelele zipo. Merton alifia karibu na Bangkok Desemba 1968, akiwa kwenye mkutano wa wamonaki. Hakuna waraka wa Vatikani dhidi yake, na Papa Fransisko alimtaja kwa sifa mbele ya Bunge la Marekani 2015. Lakini maaskofu wa Marekani walipotoa katekisimu ya watu wazima 2006, Merton hakuwemo kati ya Wakatoliki wa nchi hiyo ambao maisha yao yanasimuliwa humo, na wasomaji wake walilalamika sana.

#30 Kijana wa Ukonga
Na Richard Rohr? Kuna padre katuletea "enneagramu" (mchoro wa kugawa watu katika aina tisa za tabia) kwenye semina ya wanandoa, mke wangu sasa ananiita namba tano.

#31 Frateri Mstaafu
😂 Pole namba tano. Rohr ni Mfransisko na hana waraka wa Roma dhidi yake. Wanaompinga wanasema "The Universal Christ" ya 2019 inamtenganisha Kristo na Yesu wa Nazareti. Wanaomtetea wanasema amesoma vizuri waraka kwa Wakolosai. Kipime kwa swali la #17.

#32 Mama Jumuiya
Mnagombana juu ya Wazungu na Wahindi, mimi niwaulize la kwetu. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wenzangu wengi wana "Jesus Calling" ya Sarah Young. Ni sawa?

#33 Mpenda Kanuni
Mama, yule hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mpresbiteri. Si kosa kusoma kitabu cha Mprotestanti. Cha kuangalia ni kwamba kitabu kizima kinaongea kana kwamba Yesu mwenyewe ndiye anayesema "mimi". Baada ya miezi, mtu anaanza kunukuu ukurasa wa 14 Machi kama Injili. Nimesikia kwa masikio yangu jumuiyani.
Lakini la kwetu kwelikweli, Mama, si hilo. Ni Sala 15 za Mtakatifu Brigita. Kile kijitabu kina ahadi mwanzoni: ukisali mwaka mzima, roho 15 za ukoo wako zinatoka toharani, na ahadi nyingine ndefu. Januari 1954 Roma ilitoa onyo juu ya ahadi hizo, kwamba hakuna uthibitisho wowote kuwa zilitoka mbinguni. Sala zenyewe ni tafakari nzuri ya mateso. Ahadi ndizo zinazouza kijitabu. Na kitabu cha sala, tofauti na hiki cha de Mello, kinahitaji kibali cha askofu. Nani amewahi kuona kibali kwenye kile cha fotokopi?

#34 Mama Jumuiya
Jamani! Mimi nimebakiza miezi miwili nimalize mwaka.

#35 Mzee wa Novena
Mama malizia. Kumtafakari Bwana akiteseka hakujawahi kumdhuru mtu.

#36 Frateri Mstaafu
Mzee, kwa hoja hiyohiyo Baba Kelvin amalizie de Mello wake.

#37 Mzee wa Novena
Si sawa. Brigita ni mtakatifu.

#38 Mngoni Mtulivu
Brigita ni mtakatifu, aliyeandika zile ahadi hatumjui.

#39 Mwana wa Sakristia
Wakuu, mrejesho. Paroko amepigiwa simu huko likizo. Amesema Kwaresima hii tusome Injili ya Marko yote kwanza, kisha anayetaka de Mello aje nacho ofisini kwake wasome pamoja, mmojammoja. Mwenyekiti amekasirika, katekista naye amekasirika.

#40 Msimamizi wa Duka la Parokia
Paroko wenu ana busara. Sisi tuliposikia hiyo kanuni ya 827 tulimpelekea paroko orodha ya kila kitu tunachouza. De Mello hatukuwa naye hata mmoja. Kilichotolewa ni vijitabu vya Brigita vyenye ahadi, pamoja na zile karatasi za "nakili mara tisa la sivyo utapata msiba". Mauzo yalishuka vibaya. Akina mama wote wamehamia kwa yule kijana wa nje ya geti mwenye meza ya rozari na mishumaa.

#41 Kinondoni Junior
Na huyo wa nje ya geti anauza shilingi ngapi?

#42 Mama Jumuiya
Mia tano. Ila vyenye picha ya rangi ni elfu moja.